Nimeshasajiliwa ERB, kuna haja ya kulipia na IET?

Nondo_Mwanza:
Wakuu habari za muda huu. Mimi ni injinia wa ujenzi, niko Mwanza kwa kontrakta mmoja wa barabara. ERB, yaani bodi ya usajili wa wahandisi, nimesajiliwa daraja la PE (Professional Engineer) na ada yake nalipa kila mwaka bila ubishi, maana bila ule usajili sheria hainiruhusu kufanya kazi wala kujiita injinia. Sasa kuna jamaa nilisoma naye ananikazania nijiunge na IET, chama chetu cha wahandisi Tanzania, ananiambia nakosa fursa, nikimuuliza fursa zipi anajibu "we njoo utaona". Hela yenyewe sio ya kunifilisi ila kuna kiingilio, halafu ada kila mwaka, halafu nauli za mikutano ambayo mingi naona ni Dar, Dodoma au Arusha, na Januari mnaijua ilivyo na ada za watoto. Mlio ndani semeni ukweli, umeshawahi kupata nini ambacho ERB peke yake isingekupa? Na mtu asiniambie "konekshen" tu akaishia hapo.

Mzee_wa_Kifusi:
Okoa hela yako mkuu. Nimekaa sana kwenye tathmini za zabuni, kwa injinia tunachoangalia ni cheti cha ERB na kama kiko hai, basi. Sijaona mtu ameangushwa kwa kukosa IET. Hata ukitaka kwenda kupiga kazi Kenya au Uganda, yale makubaliano ya 2012 ya kutambuana wahandisi wa Afrika Mashariki yanapitia kwenye bodi za usajili sio kwenye vyama. Wengi wanalipia herufi za kuweka nyuma ya jina, na zenyewe ukiandika MIET (mwanachama wa IET) nje ya nchi watu watadhani ni ile IET ya Uingereza, ambayo ni chama kingine kabisa, uanze kujieleza.

Dada_Theodolaiti:
Mzee shikamoo, ila wewe unaongelea kupita kwenye zabuni na mwenzio kauliza anapata nini. ERB ipo kisheria, kazi yake ni kumlinda mwananchi asijengewe nyumba ya kumwangukia, ndo maana inaweza hata kukufuta. Haiko pale kukutetea wewe na maslahi yako, hilo ni la chama. Mawakili wenzetu wala hawajiulizi maana ukishakuwa wakili TLS, chama chao, huikwepi, sisi tumeachiwa hiari ndo tunabaki kuhesabu hela.

Nondo, mimi nina kaofisi kadogo ka ushauri. Kazi ndogo ndogo hazitangazwi popote, mtu wa miundo anatafuta mtu wa udongo wa kushirikiana naye, anampigia anayemjua na anayejua anamaliza ripoti kwa wakati. Hao mimi nimewapata kwenye kamati za IET, sio ukumbini. Ukienda mkutano wa mwaka ukakaa siti za nyuma ukala lanchi ukabeba begi na fulana ukarudi Mwanza, aisee hela yako imeenda. Na usipige hesabu ya ada peke yake, weka nauli, gesti na siku ambazo hauko saiti, utakuta ada ndo kitu kidogo kuliko vyote. Kwa aliyeajiriwa na hana mpango wa kujitegemea karibuni, kwa kweli sioni haraka. Mabinti walio SEAP, yale mafunzo ya kazi ya ERB kwa wahitimu, hao nawaambia tofauti, kile kitengo cha wanawake cha IET wakitumie, kuwa mwanamke peke yako saiti miaka 3 bila mkubwa wa kumuuliza kitu ni mateso.

Otis_wa_Thika:
Hapa Kenya hiyo swali hatuna. Engineers Act ya 2011 inasema ndio EBK, bodi yetu, ikusajili kama professional engineer lazima uwe mwanachama kamili wa IEK, chama chetu, kwa hivyo unalipa huku na unalipa kule, upende usipende. Shida yake ni watu wanaingia juu ya usajili tu, akishapata muhuri humuoni tena kwa mkutano. Yenu ya hiari angalau chama inabidi ijitume ndio mtu alipe.

Nondo_Mwanza:
Dada hilo la kamati limeniingia, jamaa yangu angesema hivyo tangu mwanzo. Ila kamati zenyewe si zinakaa huko huko Dar? Na kuna mtu mwajiri wake anamlipia?

Dada_Theodolaiti:
Nyingine siku hizi wanakutana kwa Zoom, ulizia kabla hujalipa. Kwa mwajiri usiombe "ada ya chama", HR watakukatalia hapo hapo. Omba semina ambazo ERB inazitambua kwa CPD (kujiendeleza kitaaluma), hizo unazihitaji hata usipojiunga, halafu uanachama uuweke humo humo kama wanachama wanalipa kiingilio cha semina cha chini.

Mzee_wa_Kifusi:
Marahaba binti. Kama bosi analipa hata mimi najiunga 😂

Nondo_Mwanza:
Barua naandika Jumatatu. Wakikataa, mwaka huu napita kwanza.