Binti mwenye mtoto mchanga kwenye mwani: mkopo kwanza au ajira kwanza?

Mleta mada: Tangu Novemba 2021 waliopata mimba wanaruhusiwa kurudi shule, ila wengi hawarudi, mtoto anataka kula leo. Hapa Bagamoyo, ukanda wa Mlingotini tunakolima mwani baharini, jibu huwa lile lile: waunde kikundi, waombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Hauna riba, lakini deni ni deni. Nasema mradi wa mfadhili uwaajiri kwanza mwaka mzima, na kazi ipangwe kuwafuata wao. Mnasemaje?

Mhasibu wa Vikundi: Napinga. Mwani huchukua kama siku 45 toka kufunga mbegu hadi kuvuna. Rejesho likidaiwa kabla ya hapo, binti analiziba kwa kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Kosa ni ratiba, si mkopo. Na hiyo ajira? Mnunuzi anatoa kamba na tai-tai (vikamba vya kufungia mbegu), kisha bei anaipanga yeye. Huyo mwajiri au mdai?

Bi Bamvua: Mwanangu Mhasibu, mavuno yenyewe yana uhakika gani? Kwenye aina mbili za mwani, cottonii ndiyo yenye bei, lakini kaskazi maji ya kina kifupi yakipata moto inapauka, inakatika, unabaki na kamba tupu. Spinosum inavumilia, bei yake ya kutupa. Hasara hiyo aibebe mradi, si msichana wa miaka 18.

Tazama na saa. Bamvua, siku maji yanapokupwa sana, ni mara mbili kwa mwezi, na maji hukauka kwenye saa nne asubuhi. Anayenyonyesha hawezi kukimbia nyumbani na kurudi. Akirudi maji yameshajaa. Banda la watoto liwe pale pale penye chanja za kuanikia, mlezi mmoja kwa watoto wanne, analipwa na mradi. Mkiwaambia akina mama wachangishane, mwezi wa pili banda limekufa. Siku za maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, wakae nchi kavu: kukata tai-tai, kuchambua, kusaga mwani wa sabuni. Hapo ujira hausimami.

Halafu msimlipe kwa kilo mbichi. Kilo saba hadi kumi mbichi hutoa moja kavu, na ugomvi wote wa mizani huanzia hapo. Miezi mitatu ya kwanza alipwe kwa siku, kila wiki, kwenye simu yake. Asiye na kitambulisho cha taifa (NIDA) laini yake imesajiliwa kwa jina la mjomba, na pesa zitakuwa za mjomba. Huyo apewe mkononi, atie sahihi.

Kaka Wakili: Naongeza mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ila kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimfikii mwenye utumishi chini ya miezi sita. Mkiona mradi unaajiri kwa miezi mitano mitano, jueni kwa nini.

Mhasibu wa Vikundi: Bi Bamvua, kwa banda nimekubali. Kwa mkopo bado. Mfadhili akiondoka, mlezi analipwa na nani?

Bi Bamvua: Na sabuni. Mwani mkavu peke yake haumlipi.

Mhasibu wa Vikundi: Basi lete hesabu ya sabuni, mche kwa mche.