Mtu usiyemjua akikusaidia safarini halafu akapotea, unamshukuruje?

Jamani naombeni mawazo. Juzi nimepanda basi na mtoto mgonjwa, analia, limejaa hadi mlangoni, mkoba unanidondoka begani, kaka mmoja akainuka bila neno akanipa siti yake, akanishikia mkoba mpaka nikakaa vizuri, halafu akavua sweta akamfunika mtoto miguu. Kuja kugeuka nimrudishie, kashashuka! Sweta ninalo, nimeshalifua. Roho inaniuma, hata asante hakuisikia.

Jibu 1:
Pole mwaya, mtoto anaendeleaje? Mi ningepanda basi la muda uleule, watu wa kazini hawabadilishi saa zao, mtakutana tu.

Jibu 2:
Dada usiumie, alimuona mtoto katulia, kwake hiyo ndo asante. Ila akina sie huwa tunaogopa bure kusemesha watu tusiowajua. Watafiti wa saikolojia Epley na Schroeder, utafiti wao wa 2014, waliwaomba abiria wa treni Chicago, Marekani, waongee na mtu wasiyemjua, na waliofanya hivyo walifurahia safari kuliko waliokaa kimya, wakati watu walidhani itakuwa kinyume chake. Kwa hiyo ukimuona msemeshe kabisa usione aibu.

Jibu 3:
Mi nishawahi kuwa huyo kaka, nilishuka haraka kwa sababu kituo changu kilifika, basi, wala sikukasirika. Mwachie dereva ujumbe, wao wanawajua abiria wao wa kila siku.

Aliyeuliza:
Asanteni sana wapendwa, mtoto homa imeshuka. Kesho napanda lilelile na sweta mkononi, nitawaambia.