Naomba ushauri: swali la jiwe limenikwamisha tangu jana

Habari zenu wakuu, niko fomu faivu PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Mbagala. Jiwe linarushwa juu wima kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde kutoka juu ya ghorofa la mita 25, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ni 10, litafika chini baada ya sekunde ngapi? Nimeweka 25 = 20t − 5t², nikirahisisha ndani ya kipeuo inakuja hasi 4, nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Kwenye grupu la wasap mtu kanijibu tu "sekunde 5" basi, na nyuma ya kitabu ni hiyohiyo, ila mi nataka kuelewa jamani. Je 25 iwe hasi kwa vile ardhi iko chini ya pale jiwe liliporushiwa? Na nyie mnaombaje msaada mpaka mtu akuelekeze hatua kwa hatua? Kesho asubuhi tunakusanya madaftari.