Semina ya afya ya akili kazini: niweke tiki au nikaushe?

Habari za jioni wakuu,

Mi ni fundi sanifu maabara kwenye chuo kikuu kimoja cha serikali, huu mwaka wa tisa. Utawala wametangaza semina ya siku mbili, ya kwanza mafunzo ya kazi (kompyuta, kujaza PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, n.k), ya pili afya ya akili. Nikafurahi maana miaka yote semina wanaenda wahadhiri, sisi waendeshaji, tusiofundisha, tunaitwa kupanga viti. Tangazo limeanza na hesabu za WHO eti dunia inapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sonona na wasiwasi. Mi sijapoteza hata moja, naenda kila siku, ndo tatizo lenyewe.

Sasa fomu. Ni karatasi imebandikwa mlangoni kwa afisa utumishi, kalamu imefungwa kamba, unaandika jina na idara halafu mwisho kuna kisanduku cha tiki kama unataka kuonana na mshauri nasaha. Leo mchana majina 34, tiki hakuna. Na mi naihitaji, tangu mwenzangu astaafu nabeba maabara mbili peke yangu, nashtuka saa nane usiku nawaza gesi nimefunga au sijafunga, juzi nikachukua boda usiku huohuo kwenda kuangalia. Ilikuwa imefungwa. Nikitiki idara nzima inajua. Mngekuwa nyie?

Mzee wa Masijala: Kwanza posho ipo au ni chai na maandazi? 😂 Hao 34 nawajua, wakishasaini mahudhurio saa nne huwaoni

BintiManunuzi: Mzee acha utani bana. Mleta uzi andika jina tu, wakati wa chai mfuate mtoa mada pembeni omba namba. Mi nilifanya hivyo, tukaonana kwake mara nne na ofisini hakuna aliyejua

kaka_wa_Nairobi: Kwetu walituma fomu ya Google, kila mtu anajaza kwa simu yake. Hiyo ya mlangoni mlitoa wapi jameni

Utumishi Mstaafu: Hiyo karatasi ni uzembe. Hata mwongozo wa 2014 wa UKIMWI na magonjwa sugu kazini umesisitiza usiri wa mtumishi, itakuwa hili? Mwambie mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi, THTU au RAAWU, alibebe kama hoja ya wote bila kukutaja. Ila mwanangu, semina haitakuletea msaidizi. Andika barua ya kuomba mtu, ipite kwa mkuu wa idara, nakala yenye mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Na PEPMIS weka kazi za maabara zote mbili, kisichokuwemo kwenye mfumo hukukifanya

Mleta uzi: Shukrani sana, mzee wangu hiyo ya mhuri sikuijua. Nimeandika jina, la 35, bila tiki. Barua naiandika wikiendi, mwenye sampuli anitupie inboksi.

@Mzee wa Masijala posho haijatajwa