Sitaji nilipata 16 kwa 20, leo watoto 83 wananishinda kabla ya rekreasio

Chaki_ya_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu, wakubwa. Nimemaliza pedagojia mwaka huu, diploma ya Serikali ninayo, na tangu Septemba nafundisha darasa la pili huku Katuba. Watoto 83, mabenchi 22.

Sitaji, yaani mazoezi ya kufundisha, niliifanya vizuri. Nilikesha nikichora mbuzi kwenye karatasi kubwa, naandika preparasio ya somo kwa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu: "mwishoni mwa somo mwanafunzi ataweza..." Naingia, nafundisha nusu saa, watoto wametulia kama wako misani. Kumbe si mimi waliyekuwa wananitulia! Nyuma pale alikaa mama mwalimu mwenye darasa, mikono kifuani, hasemi neno. Nikimaliza ananipokea chaki, mimi naenda chini ya mwembe kuhesabu pointi na wenzangu.

Sasa hakuna wa kunipokea chaki.

Jumanne ilikuwa silabi "ji". Nikaandika "maji" ubaoni. Mtoto wa benchi la mbele akasimama, akasoma kwa sauti safi: "Mayi." Nikamwambia tazama vizuri. Akatazama. "Mayi." Darasa lote likamuunga mkono, mayi, mayi! Na kusema kweli hata mimi asubuhi ile nilikuwa nimemwomba mdogo wangu mayi ya kuoga. Nikiwa bado nawaza nijibu nini, wawili wa nyuma wakaanza kugombania kalamu, mmoja akaomba kwenda kukojoa, wengine kumi na mmoja wakakumbuka na wao. Kengele ya rekreasio, ya mapumziko, ikalia. Kwenye jurnali ya darasa nilikuwa nimeandika masomo manne, nimefanya moja na nusu.

Usiku nasahihisha madaftari 83 kwa tochi ya simu. Sauti imekauka.

Habari ya mshahara msinijibu, najua sina matrikile bado, ile namba ya Serikali ya kulipwa, nakula kwa mama. Ninachouliza ni hiki: kati ya somo na somo mnafanyaje? Hapo ndipo wananiponyoka.

Mama_wa_Kenya

Mwanangu, pole. Mimi niko commune Kenya, mtaa wa Lubumbashi hapo jirani, si ile nchi, mwaka wa 26 na chaki. Kabla masomo ya bure hayajaanza, Septemba 2019, nilikuwa na watoto 46 na nililalamika. Mungu akanisikia vibaya.

Acha kuita watoto 83. Ita mistari ya mabenchi. Kila mstari uwe na mkubwa wake, umbadilishe kila Jumatatu, na wa kwanza kabisa mchague yule anayekusumbua kuliko wote. Kukojoa ni mstari kwa mstari, kabla ya somo. Hakuna kuomba katikati, isipokuwa yule unayemwona usoni kwamba ni kweli.

Madaftari: unachukua nyumbani ya mstari mmoja kwa siku, nao wasijue ni mstari gani. Mengine unapita katikati ya mabenchi na bic nyekundu wakiwa bado wanaandika. Kosa analoliona ukiwa umesimama hapo atalikumbuka. La kesho yake hata hafungui ukurasa.

Halafu ardwazi, vile vibao vidogo vya kuandikia kwa chaki. Hesabu ya kichwa: unasema swali, kimya, unagonga meza, wanaandika, unagonga tena, wote wanainua juu. Kwa jicho moja umeona nani kajua na nani kachungulia kwa mwenzake. Wakati wetu tuliambiwa mbinu hii inaitwa La Martinière, jina la shule ya Lyon kule Ufaransa. Dakika tano za ardwazi kati ya somo na somo, hawana muda wa kupigana.

Na usipandishe sauti, watapandisha na wao. Mvua ikianza kupiga mabati mwezi wa kumi na moja hutasikika hata ukiwa askofu. Weka kazi ya kunakili tayari kwa siku hizo.

Yaya_Bukavu

Kuhusu mayi: usimwambie mtoto amekosea. Andika yote mawili, mayi ya nyumbani, maji ya kitabu, umwonyeshe herufi iliyobadilika. Sheria ya elimu ya 2014 ya Kongo yetu imesema lugha ya taifa itumike kufundishia, lakini Kiswahili cha kitabu na cha barabarani ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Huku kwangu kuna watoto wanaotoka kwao na lugha ya Mashi, Kiswahili wanakikuta njiani, na Kifaransa kinawangoja mbele. Wako angalau ana mayi.

Inspektere_mstaafu

Mama wa Kenya amesema vizuri, ila kijana naye ajilaumu kidogo. Nani alikulazimisha kuandika masomo manne kabla ya rekreasio katika mwezi wako wa kwanza wa kazi? Inspektere akikuta manne atakuuliza manne. Andika mawili, uyafanye. Na preparasio usiache hata siku moja, ila hiyo michoro ya mbuzi punguza. Mbuzi wanapita hapo Katuba, watoto wanawajua.

Chaki_ya_Katuba

Aksanti sana Mama, yaya na papa inspektere. Nimejaribu wiki nzima. Ardwazi zilikuwa 31 tu, kwa hiyo wengine wanaandika kwenye vipande vya karton nilivyopaka makaa ya batri yaliyosagwa. Vinachafua mikono, na mama mmoja ameshakuja kunilalamikia habari ya mashati meupe. Lakini jana nimemaliza masomo mawili, na madaftari 20 yalinichukua saa moja tu.

Mayi na maji nimeandika yote mawili. Yule mtoto akauliza: "Mwalimu, na mvua ni ya nyumbani ao ya kitabu?"

Bado jambo moja, Mama. Mkubwa wa mstari wa tatu, yule msumbufu niliyemchagua, leo amekuja na fimbo yake kutoka kwao. Nimpokonye mbele ya wenzake, ao nimwite pembeni?