Vyoo vya abiria na wateja Kibaigwa: vya kukaa au kuchuchumaa? Maji yenyewe ni ya chumvi

KiwanjaBarabarani
Mbukwenyi wakuu. Nina kiwanja barabarani kabisa hapa Kibaigwa, njia kuu ya Morogoro–Dodoma, nataka kujenga hoteli ya chakula na nyuma yake vyoo vya kueleweka, maana nia yangu mabasi yawe yanasimama kwangu, na basi halisimami kwa sababu ya pilau, linasimama kwa sababu ya choo, pilau inakuja baadaye. Kuna kijana kanichorea ramani nzuri kwa kweli, vyoo vyote vya kukaa, koki za sensa zinazojifungua ukisogeza mkono, mashine ya kukaushia mikono, marumaru nyeupe ya kung'aa mpaka chini, matundu manne wanaume manne wanawake. Fundi wangu wa siku zote kaiangalia akacheka, anasema weka vya kuchuchumaa vyote, ndoo na kopo mlangoni, biashara imeisha. Mimi nimebaki katikati. Maji yangu ni ya kisima na yana chumvi, birika la chai linaganda ukoko mweupe ndani, na umeme nao unakuja ukijisikia. Naomba mawazo ya waliowahi kujenga au kusimamia vyoo vya biashara, sitaki nimwage hela halafu mwakani vinuke kama vile vya stendi tunavyovijua wote.

FundiKoki_Dom
Mkuu hao wote wawili wana nusu ya ukweli. Koki za sensa futa kabisa. Ile kitu ina valvu ndogo ndani na chujio jembamba, kwa maji yetu haya ukoko unaziba, jumlisha na betri kuisha, utakuta abiria wanapunga mikono mbele ya koki kama wanaaga mtu stesheni. Weka za kubonyeza zinazojifunga zenyewe, nunua kabisa na washa za akiba, zile pete za mpira za ndani ya koki, na kila koki na kila tangi la kuflashi lipe stopukoki yake, ili moja ikivuja ufunge hiyo moja, siyo unazima vyoo vyote na basi liko nje linapiga honi.

Kuhusu maji piga hesabu kwanza kabla hujabishana na mtu. Matangi ya zamani ya kuflashi yanamwaga lita 9 kwa mkupuo, haya ya vitufe viwili ni 6 kwa haja kubwa na 3 kwa ndogo, na sinki la kuchuchumaa la kumwagia kwa kopo lita 2 au 3 zinatosha. Ukipata watu 300 kwa siku, kwa lita 9 umemaliza lita 2,700, kwa lita 3 ni 900 tu. Simtanki la lita 5,000 hapo linakupeleka siku tano badala ya moja na ushee, na siku kisima kikigoma ndiyo utajua tofauti.

Halafu una paa. Mvua ya kanda yetu ni kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, inaanza Desemba Aprili imekata. Milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 200 linakupa kama lita 110,000, toa robo inayopotea unabaki na zaidi ya 80,000, na hayo hayana chumvi. Ila mvua ya kwanza iache ipite, bati la huku limelala na vumbi miezi saba.

Marumaru za kung'aa chini usithubutu, mtu atateleza akuachie kesi. Weka zenye mkwaruzo, grauti (ile ya kujazia mistari kati ya marumaru) ya rangi ya kijivu, na sakafu ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Fundi wengi hapo ndipo wanapolipua kazi, maji yanatuama pembeni na ndiyo yanaanza kunuka, siyo choo chenyewe.

Chausiku_Safarini
Naona wanaume mnaongea lita tu 😂 ngoja niwape ya upande wa pili. Mimi napanda basi la Dar karibu kila mwezi. Basi linasimama dakika kumi na tano, wanawake tuseme tuko ishirini na tano, kila mmoja anatumia kama dakika tatu maana kuna kuvua na kuvaa na mtoto mgongoni, tundu moja linahudumia watu watano. Kwa hiyo matundu manne hayatutoshi, wakati wanaume nusu yao wanamalizana na sehemu ya kukojolea wanatoka. Kaka ongeza upande wa wanawake, hata sita, punguza huko.

Cha kuchuchumaa au kukaa: choo cha kukaa cha njiani hakuna mwanamke anayekikalia. Mtu ananing'inia au anapanda juu na viatu, kiti kinapasuka, wa nyuma anakuta mikojo juu. Weka vya kuchuchumaa vingi na viwili vya kukaa kwa wajawazito, wazee wenye magoti na wagonjwa.

Na tafadhali sana, MSUMARI. Yaani ndoano nyuma ya mlango ya kutundika mkoba. Unaingia mahali pana marumaru mpaka dari halafu umeng'ata mkoba kwa meno, mkono mmoja umeshika kitenge kisiguse chini, mkono mwingine umeshika mlango kwa sababu kitasa kimeng'oka. Ndoano mbili, kitasa cha chuma cha kusukuma, na kopo la takataka lenye mfuniko wa kukanyaga kwa mguu ndani ya kila tundu la wanawake. Ukikosa hilo kopo pedi zote zitaenda chooni na huyo Fundi Koki atakula hela yako kuzibua kila wiki.

FundiKoki_Dom
Chausiku hapo kwenye pedi umesema kweli tupu, na sisi tunapenda msiweke makopo 😂😂

BwanaAfya_Mstaafu
Vijana habari zenu. Mimi nimeanza kazi watu bado wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, wakati huo hoja ilikuwa kila kaya ichimbe shimo, siku hizi choo kipo ila kimejengwa vibaya. Mleta uzi hajasema kisima chake kiko wapi, na hilo ndilo lingetakiwa kuwa la kwanza kabla ya marumaru. Septiki, yaani tangi la majitaka, na shimo la kufyonza vikae angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na upande wa chini wa mteremko. Kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi. Kabla hujachimba, toboa kashimo kadogo, mwagia maji jioni yalowe, asubuhi jaza tena uangalie yanashuka kwa kasi gani. Kama ni udongo mweusi wa mbuga yatakaa hapo yanakutazama, ina maana shimo la kufyonza halitafanya kazi masika na utakuwa unaita gari la majitaka kila mara, bora ujue mapema utenge na njia ya gari kufika kwenye chemba.

Upepo wetu mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo vyoo vikae magharibi ya jiko, siyo kinyume chake. Juu ya kuta acha matundu ya hewa pande mbili, ubaridi wa Juni usikutishe ukaziba. Bomba la hewa la septiki lipite juu ya paa.

Tundu moja lazima liwe la mtu wa kiti mwendo: mlango sentimita 90 unaofunguka kwa nje, ndani nafasi ya kugeuka mita moja na nusu, vyuma vya kushikilia ukutani. Mteremko wa kuingilia uwe moja kwa kumi na mbili, maana yake ngazi ikiwa na kimo cha sentimita 30 unahitaji urefu wa mita 3.6. Nimeona miteremko mingi mwinuko wake hata mwenye miguu mizima anapanda ameinama.

MsimamiziUsafi
Nasimamia usafi kwenye jengo la ofisi hapa mjini. Michoro yote mizuri mkuu, ila je, yule mama atakayeosha umemjengea nini? Kuna majengo stoo ya mafagio hakuna, dekio linakaa ndani ya tundu la tatu, basi hilo tundu limekufa. Mjengee kachumba, koki ya chini ya kujazia ndoo, na bomba la mpira linalofika kila kona. Sinki za kunawia zibebwe na ukuta zisiwe na miguu, fagio lipite chini.

Harufu ya sehemu ya kukojolea inatoka kwenye ukoko wa mkojo, unaondoka kwa dawa ya choo yenye asidi au hata siki, siyo kwa jiki. Na hivyo viwili VISICHANGANYWE kabisa, inatoka hewa ya klorini, mtu anakohoa mpaka anatoka nje analia, nimeishuhudia. Jiki nyingi pia inaua wadudu wa septiki ambao ndio wanakufanyia kazi bure. Ile karatasi ya kusaini kila saa nayo, angalia mwandiko, utakuta siku nzima imesainiwa asubuhi kwa kalamu moja.

KiwanjaBarabarani
Asanteni sana. Kisima kiko mita kama 20 kutoka pale kijana alipochora shimo, kwa hiyo ramani inageuka yote, bora nimejua leo. Nimeamua wanawake sita, wanaume matatu na sehemu ya kukojolea, kimoja cha kiti mwendo. Sensa na mashine ya mikono nimetoa. Swali lililobaki: nitoze mia tatu au iwe bure? Na maji ya kunawia naweza kuyarudisha kuflashia?

MsimamiziUsafi
Anayekula bure, anayepita tu alipe. Hiyo hela mpe yule mama juu ya mshahara wake, utaona sakafu inavyokauka.

FundiKoki_Dom
Ya kunawia usiyatunze, yakilala siku moja kwenye tangi yananuka kuliko unachoflashi. Yapeleke moja kwa moja kwenye miarobaini na mipapai upate kivuli cha abiria.

Chausiku_Safarini
Mwambie pia fundi wako, asiyaelekeze masinki ya choo kaskazini wala kusini. Kibla chetu ni kaskazini, na njia hiyo Waislamu tunapita wengi, kuyageuza mashariki–magharibi hakukugharimu hata shilingi kama hujamwaga zege.

KiwanjaBarabarani
Zege bado. Kesho nampigia.