Tupeane uzoefu: makala (mkaa) ya kwako yanatoka msitu gani?

Mama wa Ndosho
Jamani wa Goma, mumeamkaje. Jana nilinunua mfuko wa makala. Kuumwaga, chini nakuta vipande vizito, ukivigonganisha vinalia kama chuma. Mama mkubwa akaviangalia, akasema: "Hii miti haikupandwa na mtu." Usingizi wangu uliishia hapo. Miaka yote napika maharagi na sombe bila kuuliza. Parke ya Virunga ni ya tangu 1925, kongwe kuliko zote Afrika, na UNESCO iliiweka kati ya urithi ulio hatarini mwaka 1994. Mimi naichoma kwenye mbabula, jiko letu la makala. Nyinyi mlijua lini? Mlifanya nini?

Wa Mugunga
Mimi nilijua 1994, nikiwa na miaka tisa. Wakimbizi kutoka Rwanda walijaa hapa kwetu, na kila asubuhi watu walipanda msituni kutafuta kuni. Mwanzoni walirudi mapema. Baada ya miezi wanarudi jua limezama, maana miti ilikuwa imesogea mbali. Siwalaumu hata kidogo. Mwaka 2023 sisi wenyewe tulikimbia, tukalala kambi ya Bulengo chini ya hema, watoto wanalia njaa. Panga nilishika mimi kwa mkono wangu. Mpaka leo nikipita pale macho yanaangalia chini.

Chukudu wa Kibati
Nilisukuma makala kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, miaka minne, acha niwaambie yalivyo. Magogo yanapangwa, yanafunikwa majani kisha udongo, yanatoa moshi siku nyingi. Mchomaji halali vizuri, kwa sababu tanuru likipasuka, hewa inaingia na kila kitu kinakuwa majivu. Kiangazi kimoja, mwezi wa saba, la jirani lilipasuka usiku na upepo ukachukua moto. Tuliupiga kwa matawi mabichi mpaka alfajiri. Kilima kizima kilibaki cheusi, na hakuna aliyeandika popote kwamba kuna msitu uliungua. Njiani unalipa kila kizuizi; mwenye bunduki haombwi risiti.
Niliacha Julai 2007, ngagi (gorila) wa Virunga, wa familia inayoitwa Rugendo, walipouawa kwa risasi. Niliona picha wanaume wamewabeba kwa miti kama wanabeba maiti ya mtu. Chukudu niliuza wiki ileile.

Dada wa Himbi
Umeme wa Matebe, ule wa mto Rutshuru ulioanza 2015, ulinibadilisha. Maharagi nalowesha usiku, asubuhi sahani ya umeme inamaliza. Ila nyaya zikikatika kwa sababu ya vita, narudi kwa mbabula, na hapo roho inauma.

Mwana Lubumbashi
Niko Goma kwa kazi. Kwetu miombo inachomwa kila kiangazi. Wazee walichoma mwezi wa tano, majani bado mabichi kidogo, moto unapita chini tu. Siku hizi wanachoma mwezi wa tisa. Kila kitu kikavu, miche yote inakufa.

Muzee wa Sake
Wanangu, tazameni lava. Mawe ya Nyamulagira, mlima wetu wa moto, yakipoa, kwanza yanaota kitu cha kijivu kama manyoya, halafu kangaga na vijani vidogo. Mti wa maana unakuja mtu ameshazeeka. Ndiyo maana mkikata, sioni kama mmekata mti mmoja. Mimi nilipanda mikaratusi na grevilea kwenye mteremko ambao hata viazi vilikataa. Mwaka wa saba nilichoma mfuko wangu wa kwanza. Makala yake yanaisha haraka kuliko ya pori, sitawadanganya. Nawawekea wake zangu majivu juu ya moto ili udumu.

Mama wa Ndosho
Muzee, shikamoo. Hiyo mifuko yako inashukia wapi hapa mjini? Jumamosi namtuma kijana wangu. Na wewe wa Mugunga, njoo nyumbani tuongee, usibaki na hilo peke yako.